Rejista Iliyobandikwa Banissa

Kwa miaka minane Nurto alitunza kumbukumbu za watu bila hata karatasi moja kumponyoka. Kazi yake ilikuwa katika kituo kidogo cha masomo ya mbali, vyumba vitatu vya mawe mtaani Waberi, ambacho chuo kikuu kimoja cha Nairobi kilikifungua Garissa kwa ajili ya walimu wa shule za msingi waliotaka shahada bila kuacha madarasa yao. Wanachuo walikuwa thelathini na wanane, wametawanyika kuanzia Garissa yenyewe hadi Wajir, Mandera na Banissa. Nurto aliwajua wote kwa majina, kwa miandiko, na wengine kwa siri zao, maana mtu anayeomba kuahirisha mtihani hana budi kueleza sababu, na sababu za watu huwa nzito. Alizisoma, akazitia kabatini, akanyamaza. Kwa hiyo jambo lililomfika Machi ya 1998 liliwashangaza wengi, na yeye kuliko wote.

Chanzo kilikuwa mvua. El Niño ilinyesha tangu Oktoba hadi baada ya mwaka mpya, mto Tana ukafurika, barabara ya Nairobi ikakatika vipande vipande, na vifurushi vya vitabu vikalala posta miezi mitatu. Matokeo ya mtihani wa Oktoba yalipotoka, makao makuu yaliyatuma kwa faksi: karatasi zilizoandikwa kwa mkono, nyeusi pembeni kana kwamba zimeokolewa motoni. Nurto aliyanakili hayo hayo, akikodoa macho.

Mkurugenzi wa kituo, Bwana Sugow, mtu wa tumbo la kutangulia na kicheko cha karibu, aliapa kwamba mvua haitamziba mdomo tena. Akaandika barua, akapiga simu, akalalamika, hadi Februari lori likamshushia kompyuta, printa na modemu. Abdirizak, mwenyeji wa Waberi aliyekuwa fundi wa kompyuta pale makao makuu, alikuja nazo. Alikaa wiki nzima akimfundisha Nurto, naye Nurto alishika haraka. Siku ya tatu alikuwa ameshaipiga chapa rejista yote na kuihifadhi ndani ya mashine.

"Abaayo, dada yangu, wewe ungekuja Nairobi utufundishe sisi," Abdirizak alimwambia.

Nurto alicheka, lakini sifa ilimkaa vizuri kifuani.

Tatizo lilikuwa anwani. Wanachuo thelathini na wanane walikuwa na anwani kumi na moja tu za barua pepe, na hata hizo hazikuwa zao. Walimu wa Wajir walitumia ya shirika moja la misaada. Wa Garissa walitumia ya ofisi moja ya elimu, ambako karani alichapa barua na kuziweka mezani, kila mtu akapekua. Wa Mandera na Banissa waliazima ya shirika jingine lenye kituo Mandera mjini: barua ikiingia ilichapwa, na kila Alhamisi gari la dawa liliichukua hadi Banissa. Abdirizak aliyaona hayo akakuna kichwa.

"Kwanza tuma mambo madogo madogo tu," alishauri. "Nikirudi Aprili tutatafuta njia nzuri ya kuandikia kundi zima."

Lakini Bwana Sugow hakuwa mtu wa kungoja Aprili. Siku ya pili baada ya fundi kupanda basi, mkurugenzi alivuta kiti karibu na Nurto.

"Leo ni Jumatano. Kikao cha Aprili kinakaribia. Watumie ratiba."

"Wote kwa mara moja?"

"Wote! Mimi nataka kuona ikiruka."

Nurto akaandika barua ya mistari sita, akapanga anwani zote kumi na moja kwenye mstari mmoja, kisha akatafuta ratiba ili aiambatishe. Kwenye kioo palikuwa na majina mawili yaliyofuatana, RATIBA na REJISTA. Modemu ilikuwa imeshaanza kulia mlio wake wa paka aliyekanyagwa mkia, na Bwana Sugow alikuwa akigonga meza kwa kidole: "Haya, haya, kabla laini haijakatika!" Nurto akabonyeza.

Ilichukua dakika kumi na moja. Nurto aliona ajabu kidogo, ratiba ya ukurasa mmoja kuchukua muda wote huo, lakini mkurugenzi alisema hiyo ndiyo simu ya Garissa, akaenda zake kuswali Adhuhuri akiwa na furaha ya mtu aliyeozesha binti.

Nurto alipobaki peke yake akafungua kisanduku cha barua zilizotumwa.

Rejista nzima. Jina, nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, ukoo, maana fomu ya makao makuu ilikuwa na nafasi ya kuuliza ukoo na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Alama za kila somo. Halafu pembeni kabisa, chini ya neno MAELEZO, vijisentensi alivyoviandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ili asisahau. Hakuna aliyemwagiza kuviandika. *Ameomba muda, mumewe yuko mahabusu. Ameahirisha, ana kifua kikuu, yuko kwenye dawa. Hakufanya mtihani, mimba imeharibika ikiwa ya miezi mitano, ameomba nisimwambie mtu.*

Huyo wa mwisho alikuwa Maryan wa Banissa.

Nurto alipiga simu Nairobi. Abdirizak ndiyo kwanza alikuwa ameweka mkoba chini.

"Nimetuma kitu kibaya. Irudishe."

"Abaayo, hii haina kurudi."

"Hata ukiifuata upesi?"

"Ingekuwa lori tungelifukuza," Abdirizak alisema kwa upole. "Hii imeshafika."

Imefika, Nurto alijiambia, lakini imefika mashineni. Banissa ilikuwa bado. Gari huondoka kila Alhamisi, na leo ilikuwa Jumatano. Akajitanda shela yake na kukimbilia mtaa wa Iftin, dukani kwa Osob.

Osob aliuza sukari, nguo na betri, lakini watu walimfuata kwa ajili ya taar, redio ya masafa marefu iliyokuwa kwenye chumba cha nyuma. Kwa taar mfanyabiashara wa Garissa aliuliza bei ya ngamia Mandera, na mama wa Wajir alimkaripia mwanawe aliyeacha kuandika. Kila mtu alisikia kila kitu. Foleni ilikaa hapo hapo chumbani, na kule upande wa pili nako palikuwa na foleni yake. Kilichosemwa kwenye taar saa nne, saa sita kilikuwa kimeshachangiwa maoni.

Nurto alishika kipaza sauti, akamwona mzee mmoja akisogeza kiti ili asikie vizuri. Aseme nini? Akisema karatasi ina siri za watu, Mandera nzima itaitafuta karatasi. Akisema ifungwe isisomwe, itasomwa kabla hajamaliza sentensi.

"Mandera, nawaambia," alianza kwa Kisomali, akijikaza. "Ile karatasi ya chuo iliyoingia leo imekuja ikiwa na makosa. Haifai kitu. Isipelekwe Banissa. Nzuri inakuja."

Redio ikakoroma. Kisha sauti ya mbali, yenye bashasha: "Ya Banissa? Ile imeondoka! Mto wa laga unatishia kujaa, dereva akasema bora atoke leo. Karatasi nene, mashallah! Chuo chenu kinafanya kazi!"

Nurto aliweka kipaza sauti mezani. Osob, aliyekuwa amesikia maneno mengi kuliko jaji yeyote wa mkoa ule, alimtazama usoni akamsukumia kikombe cha chai bila kuuliza.

"Gombyuta hiyo," Osob alisema baadaye, "ni kama taar tu?"

"Ni mbaya zaidi," alisema Nurto. "Kwenye taar husemi mpaka uone nani amekaa chumbani."

*

Wa kwanza kuja alikuwa Maalim Warfa. Huyu alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja mjini, mtu wa miaka hamsini na mbili, ndevu zilizotiwa hina na fimbo asiyoitumia ila kuelekezea. Yeye pia alikuwa mwanachuo, pamoja na walimu wanne walio chini yake. Katika rejista, mbele ya jina lake, chini ya Hesabu, palikuwa na 19.

"Kumi na tisa!" Alikuwa amesimama katikati ya chumba, hakutaka kiti. "Nimefundisha Hesabu miaka ishirini na sita. Leo asubuhi nimeingia darasa la sita, nikasikia mtoto nyuma anasema 'Kumi na Tisa amekuja.' Darasa la sita, Sugow!"

Bwana Sugow alijaribu kucheka ili kulainisha mambo, akaona hayalainiki, akaacha.

"Kosa ni langu, Maalim," alisema Nurto.

"Najua ni lako. Ndiyo maana nataka ufukuzwe."

Hakupiga kelele tena. Alisema hivyo kama mtu anayesoma tarehe, akatoka. Nurto angependelea kelele.

Barua ya Maryan ilifika wiki iliyofuata, imefungwa kwenye bahasha na kuletwa na dereva wa lori la mbuzi. Ilikuwa fupi.

*Abaayo Nurto. Karatasi imebandikwa dukani, karibu na mlango. Wamesoma waliojua kusoma, wakawasomea wasiojua. Mama mkwe ameniuliza kwa nini chuo kilijua kabla yake. Sikukuandikia wewe ili Banissa isome. Maryan.*

Nurto aliisoma kwa kusimama. Aliandika majibu manne. La kwanza lilieleza habari ya modemu. La pili lilieleza habari ya mvua na gari lililotoka mapema. La tatu lilimtaja Bwana Sugow na kidole chake cha kugonga meza. Alipolisoma la tatu alijionea aibu, akayachana yote matatu. La nne lilisema hivi: *Ni mimi niliyekosa, si mashine. Nilikuwa nimeandika mambo ambayo sikupaswa kuyaandika, mahali nisipopaswa, kisha nikayatuma bila kutazama. Nisamehe ukiweza. Ukija Aprili nitakaa mbele yako.* Akalitia kwenye bahasha na kumkabidhi dereva yule yule mkononi.

Jibu halikuja.

*

Aprili, shule zilipofungwa, wanachuo walianza kumiminika kwa ajili ya kikao chao cha wiki mbili. Maryan aliingia siku ya pili asubuhi, amesafiri siku tatu juu ya lori, vumbi bado kwenye kope. Alikuwa mwembamba kuliko Nurto alivyomkumbuka. Hakusalimia kwa mkono.

"Nionyeshe kilichoandikwa juu yangu," alisema. "Chote."

Hakuna mwanachuo aliyewahi kuuliza hivyo. Nurto hakujua kama kanuni zinaruhusu, na aligundua kwamba hata hakujali. Akafungua kabati, akatoa jalada, akawasha kompyuta na kumwekea kiti mbele yake. Maryan alisoma polepole, ukurasa kwa ukurasa, kama anayesahihisha insha.

"Hii barua yangu. Bado mnaihitaji?"

Nurto alifikiri. "Nilihitaji kujua kwamba una sababu. Sababu yenyewe, hapana."

Maryan akaichukua barua, akaikunja mara nne, akaitia mkobani. Halafu akanyoosha kidole kwenye kioo. "Na hii ukoo? Mtihani unasahihishwa kwa ukoo?"

"Fomu iliuliza."

"Na wewe ukajibu."

"Nikajibu," alikiri Nurto.

Maryan hakusema kitu kingine kuhusu msiba wake, siku hiyo wala nyingine. Lakini alipofika mlangoni aligeuka. "Dereva alinipa barua yako. Nilitaka uniambie ni mashine. Ingekuwa rahisi kukuchukia." Akaenda kutafuta maji ya kuoga.

Mkutano wa wanachuo wote uliitishwa Alhamisi, katika ukumbi wa madawati uliokuwa na pangaboi mbili, moja ikizunguka. Abdirizak alikuwa amekuja kutoka Nairobi kama alivyoahidi, naye alipewa chaki aeleze njia za kuandikia kundi.

Njia ya kwanza, alisema, ni ile iliyotumika Machi: kupanga anwani zote kwenye mstari mmoja. Ni rahisi, lakini kila anayepokea anaziona za wenzake, na mmoja akijibu kwa pupa, jibu linakwenda kwa wote. Njia ya pili ni ya kampuni moja ya Marekani inayotoa huduma bure.

"Bure!" Bwana Sugow alisema kutoka kiti cha mbele. "Mmesikia?"

"Bure kwa sababu barua zetu zitakaa kwao," alisema Abdirizak. "Kila barua inabandikwa tangazo la biashara mkiani. Na msipoweka kizuizi, mtu yeyote duniani anaweza kufungua na kusoma mlichoandika mwaka jana. Mimi sijui wanafanya nini na majina. Nimesoma masharti yao, kurasa tisa, na bado sijui."

"Mwarabu hakupi tende bure," mtu akanong'ona nyuma, na ukumbi ukacheka.

Njia ya tatu ilikuwa ya chuo chenyewe. Kwenye mashine ya Nairobi ingetengenezwa anwani moja ya kundi. Ukiandika hapo, barua haiendi moja kwa moja. Inasimama mlangoni, mlinzi anaisoma, anaipitisha au anairudisha kwa mwenyewe. Majina ya wanakundi hayaonekani kwa yeyote isipokuwa mlinzi.

"Na mlinzi ni nani?" aliuliza Maalim Warfa.

Wote wakamtazama Nurto, halafu wakatazama pembeni.

Maalim Warfa akasimama, akaielekeza fimbo yake kwa Nurto. "Mimi nimedai huyu mama afukuzwe, na sijabadili maneno yangu. Lakini nitasema jambo jingine. Mwaka wa themanini na tisa, serikali ilipowahakiki Wasomali, tulipangwa foleni hapa mjini, jua la saa saba, tukaulizwa ukoo, tukaandikwa kwenye daftari. Hakuna aliyetuambia daftari litakwenda wapi. Nilipoiona karatasi ya chuo, jina langu na ukoo wangu kwenye mstari mmoja, sikuona kumi na tisa kwanza. Niliona lile daftari." Akaishusha fimbo. "Kumi na tisa niliiona baadaye."

Hakuna aliyecheka, ingawa yeye mwenyewe alionekana kama angewaruhusu.

Nurto alisimama bila kuitwa. Alisema amekaa mwezi mzima akijiuliza, si njia gani ni salama, bali kwa nini kulikuwa na mambo mengi kiasi kile ya kuvuja. "Nilidhani kutunza ni kukusanya," alisema. "Nilijisifu kwamba najua kila kitu. Sasa nawaomba ruhusa nifute. Ukoo utoke. Maelezo yatoke. Mtu akiahirisha, rejista iseme ameahirisha, basi. Na kwa kuwa barua zetu zinachapwa na mikono ya watu wengine, kundini pasipite alama wala habari ya mtu. Tarehe, vitabu, mikutano tu. Alama nitazitia kwenye bahasha, bahasha kwa kila mtu."

"Fomu ya makao makuu bado inauliza ukoo," alisema Bwana Sugow kwa wasiwasi.

"Tutaacha wazi," alisema Nurto. "Tungoje tuone kama kuna atakayekufa."

Hapo ukumbi ulicheka kweli kweli, hata Bwana Sugow. Ndipo Maryan akainua mkono. Alisema kwa sauti ndogo hivi kwamba waliokuwa chini ya pangaboi walilazimika kuinama mbele.

"Naongeza moja. Mwanachuo yeyote aweze kuja, aseme 'nionyeshe changu', aonyeshwe. Mimi nimeomba, nimeonyeshwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mlinzi awe Nurto." Akaketi.

Walipiga kura kwa mikono. Njia ya tatu ilishinda kwa wingi. Nurto akawa mlinzi kwa mikono thelathini na sita, kwa kuwa mmoja alikuwa ametoka kuswali, na Maalim Warfa alikuwa ameishika fimbo yake kwa mikono yote miwili.

*

Siku tatu kabla ya kikao kwisha, barabara ikiwa imeshapitika, kifurushi kutoka makao makuu kilifika na karatasi zenyewe za alama, zile ambazo faksi ilikuwa imezichafua. Nurto alizilinganisha na rejista, mstari kwa mstari. Kwenye mstari wa ishirini na saba akasimama. Msahihishaji wa Nairobi aliandika saba zake kama fimbo iliyopinda kidogo kichwani, na faksi ilikuwa imekula kichwa. Maalim Warfa hakupata kumi na tisa. Alipata sabini na tisa, alama ya juu kuliko zote za Hesabu.

Bwana Sugow aliruka kutoka kitini. "Alhamdulillahi! Tuma kwa kundi! Sasa hivi! Hii itatusafisha!"

"Hapana, Mkurugenzi."

"Hapana nini? Ni habari njema!"

"Njema au mbaya, ni yake. Tumekubaliana Alhamisi, na leo ni Jumapili."

"Lakini aibu tulimtia mbele ya wote!"

Nurto alijua. Kama aibu ilikwenda kwa wote, je, haki isiende kwa wote? Lakini alikuwa ameshaamua mara moja, kwa haraka, nini watu wasomewe kuhusu mtu, naye hakutaka kuamua mara ya pili kwa niaba ya mtu yule yule. Akachukua karatasi, akavaa viatu, akaenda Iftin nyumbani kwa Maalim.

Maalim Warfa alikuwa uani kwake, ameketi mkekani na kitabu cha Hesabu mapajani, daftari pembeni limejaa hesabu zilizokatwakatwa. Alipomwona mgeni alitaka kukificha kitabu, akachelewa.

Nurto alimpa karatasi. Mzee aliitazama, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Hii ni saba?"

"Ni saba. Mimi niliiona moja. Faksi ilikuwa mbovu, lakini ningeweza kuuliza, sikuuliza."

"Nani anajua?"

"Mimi, Mkurugenzi na msahihishaji. Nimekuja kukuuliza unataka nini. Ukitaka watu wajue, watajua. Usipotaka, nasahihisha rejista, yanaishia hapo."

Maalim Warfa aliikunja karatasi, akaitia ndani ya kitabu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Nurto alishtuka, akidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Wiki sita!" alisema. "Wiki sita nasoma kila alasiri kama mtoto wa darasa la nane, nikitafuta nilipokosea. Na sikuwa nimekosea!" Akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Lakini haki ya Mungu, milango ya mwisho ya kitabu hiki nilikuwa siijui vizuri. Sasa naijua. Haya, nitaandika mimi mwenyewe. Nifundishe hiyo mashine yako."

Kesho yake alikuja kituoni amevaa koti. Alipiga chapa kwa kidole kimoja, saa nzima, bila kuruhusu mtu asogee karibu. Barua ikapanda hadi Nairobi, ikasimama mlangoni, ikamjia mlinzi, ambaye alikuwa ameketi kiti cha pili kutoka alipo mwandishi. Nurto akaisoma.

*KWA WANACHUO WOTE. ILE 19 ILIKUWA 79. WARFA 79. WALIMU WANGU WANNE WANAONIITA KUMI NA TISA WALIPATA 54, 51, 47 NA 38. MAJINA YAO NI HAYA...*

"Maalim," alisema Nurto, "hii siwezi kuipitisha."

"Kwa nini? Ni kweli tupu!"

"Yako ni yako. Zao ni zao."

"Lakini ninyi ndio mlionionyesha!"

"Ndiyo," alisema Nurto. "Ndiyo maana nakataa."

Mzee alimkazia macho. Nurto hakuyakwepa. Nje, mbuzi wa jirani walikuwa wakigombania ganda la tikitimaji. Hatimaye Maalim Warfa alivuta kiti, akaanza kufuta, herufi moja moja, akiguna kila alama ilipotoweka. Ile 38 aliiacha mwisho, akaitazama kwa majonzi, akaifuta nayo.

"Haya. Pitisha."

Nurto akapitisha. Mzee alisimama, akajiweka koti sawa. "Na lile la kufukuzwa," alisema akielekea mlangoni, "nimelisahau lilikuwa linahusu nini."

Shule zilipofunguliwa hakuna aliyethubutu kumwita chochote. Bwana Sugow alisimulia kisa kile mjini kote kama ushindi wake, bila kutaja alama za mtu, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jambo kubwa. Makao makuu yaliandika mara moja kuuliza kwa nini nafasi ya ukoo iko wazi. Nurto akajibu kwamba kituo hakiihitaji, akangoja radi. Muhula uliofuata fomu mpya zilikuja nafasi hiyo haimo, bila maelezo, na hakujua kama ni kwa sababu yake au mpiga chapa alisahau tu.

Maryan alirudi Banissa na lori. Nurto hakuwa na hakika kama amesamehewa, na alijifunza kuishi bila hakika hiyo. Oktoba, Maryan alifanya mtihani wake. Matokeo yalipotoka Nurto alimpelekea yake kwenye bahasha iliyofungwa, kwa mkono wa dereva, na baada ya majuma matatu jibu likaja: mistari miwili kuhusu vitabu vya mwaka wa pili, na mmoja wa kumuuliza hali ya afya yake na watoto. Nurto aliusoma huo wa mwisho mara mbili. Kisha akavuta kiti karibu na meza na kuanza kupanga ratiba ya Desemba, ambayo Bwana Sugow alikuwa akiidai tangu jana.